Miwani Inayoitika Makofi

Mtaani walimwita Bi Waya, maana hata kwenye mkoba wake wa kutokea hakukosa kipande cha waya. Sebule ndiyo ilikuwa karakana yake: alitengeneza redio na simu mezani, huku baba mkwe wake, dereva mstaafu, akishinda kwenye kochi akitafuta miwani. Mzee alikuwa na kipaji cha kuipoteza. Aliipoteza jikoni, bafuni, hata juu ya kichwa chake mwenyewe.

Siku moja Bi Waya aliikalia. Miwani ilinusurika, yeye ndiye aliyechubuka.

"Baba, sasa basi," alisema. "Nitakutengenezea kidude cha kubandika kwenye mkono wa miwani. Ukipiga makofi, kinalia."

"Hakitanisema?"

"Kitalia tu, Baba."

Kidude cha kukaa hapo lazima kiwe kidogo, na chipu, ndiyo ubongo wake, ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele, ina vimiguu huku na huku. Bodi ya kuibeba hakuna duka lililouza, kwa hiyo akaamua kuitengeneza nyumbani. Alichora njia za umeme, akazitoa fotokopi kwenye ukurasa wa jarida unaong'aa, akaulaza juu ya kibao chenye ngozi ya shaba, akaupiga pasi ili wino uhamie kwenye shaba. Baadaye angekizamisha kibao kwenye dawa inayokula shaba yote isiyofunikwa na wino, zibaki njia peke yake.

Pasi ilikuwa ya mumewe, karani wa posta, mtu anayetaka shati lake lisimame kama bati. Safari ya kwanza karatasi iliteleza, wino ukang'ang'ania pasi, na Bi Waya hakugundua. Asubuhi mumewe akanyoosha shati jeupe, akaondoka. Jioni alirudi mpole kuliko kawaida.

"Mke wangu, leo watu wameniandama kutwa nzima. Mmoja ameniwekea kidole mgongoni, akaniuliza kama ofisi ya maji ndiyo hapo."

Bi Waya akamgeuza. Mgongoni palikuwa na mchoro mzima, kama ramani ya mji, hakuna njia hata moja iliyokatika.

"Umetoka vizuri kuliko kwenye shaba," akasema, kwa masikitiko ya kweli.

Safari ya pili wino ulikubali, na dawa ikala shaba vizuri. Akaishika chipu kwa kibano, akabana pumzi, akapiga chafya. Chipu ikatoweka.

Mumewe alitambaa sakafuni na tochi. Wakainua kochi, Mzee akiwa bado juu yake.

"Mnatafuta nini huko chini?" akauliza.

"Kitu kidogo cheusi, Baba. Kina miguu."

"Hicho nimeshakiua."

"Umekiua?"

"Kilinirukia shingoni, nikakibana kwa kucha. Kiroboto kigumu namna ile sijapata kuona."

Marehemu alikuwa kwenye kisosi cha chai, mguu mmoja umepinda. Bi Waya aliunyoosha kwa sindano chini ya lenzi, akaiweka chipu kwenye bodi, ndipo akaona kosa. Mchoro ulitakiwa uchapwe kinyume, kama unavyoonekana kwenye kioo, ili ukihamia kwenye shaba ukae sawa. Alisahau. Sasa miguu ya kushoto ilikuwa inaelekea njia za kulia.

"Si uilaze chali," mumewe akatania.

Bi Waya akachukua tena kibano. Halafu akaigeuza chipu chali kama mende aliyepuliziwa dawa, akaikunja miguu yake kuelekea chini, akaichomelea kwa risasi iliyoyeyushwa. Kidude kikabandikwa, Mzee akavaa miwani, akapiga makofi. Kidude kililia kwa ukali hata miwani ikamtoka puani.

Tatizo ni kwamba kiliitika kila kishindo: mlango, kikohozi, mfuniko wa sufuria. Kwenye kikao cha wakazi, mwenyekiti, ambaye hotuba zake ziliwalaza watu, alipigiwa makofi ya adabu katikati ya maneno. Miwani ya Mzee ikalia. Mwenyekiti akadhani muda wake umekwisha, akaomba radhi, akaketi.

Kesho yake Bi Waya alikuwa ameshafungua kidude ili akipunguze masikio, mara hodi. Walikuwa wakazi wa mtaa mzima, wamekuja kumwomba asikiguse.