Kamera ya Sita Inawatazama Wanaocheka

Saa tatu na nusu asubuhi, Ijumaa. Nje, mvua ya Salford, kaskazini mwa Uingereza, inanyesha kwa mtindo wake wa siku zote, haina haraka wala haina nia ya kuacha. Ndani ya chumba cha kuongozea, kisicho na dirisha hata moja, Glenys Ollerenshaw ameketi mbele ya ukuta wa skrini, kikombe cha chai kushoto, skripti katikati, mkono wa kulia umeinuliwa usawa wa bega.

"Kamera ya pili," anasema, huku akiliza vidole. Picha inabadilika. "Ya kwanza." Vidole vinalia tena. "Ya tatu, subiri kwanza. Subiri. Haya, sasa."

Hii ndiyo kazi yake. Ana umri wa miaka sitini na minane, na kwa miaka thelathini na saba ameongoza vichekesho vya televisheni, vile vinavyorekodiwa mbele ya watu mia tatu walioketi kwenye viti na kucheka kwa vinywa vyao wenyewe. Cha sasa kinaitwa Kantini Namba Tisa. Ni habari za dada wawili wanaouza chai na mayai kwenye karakana ya mabasi na hawajakubaliana jambo hata moja tangu utoto. Msimu una vipindi sita. Leo ni cha nne.

Asubuhi ni mazoezi. Watazamaji wataingia jioni. Na Glenys anajua kwamba jioni hiyo akikosea, wiki ijayo kiti chake kitakaliwa na mtu mwingine.

Si kwamba ameambiwa hivyo. Watu wa huku habari mbaya hawakupi mkononi, wanakuwekea kando ya sahani ya biskuti ukaichukue mwenyewe. Mtayarishaji wa kipindi, Imogen Fairley, mwanamke kijana mwenye adabu hadi inachosha, alimwambia tu kwamba wataona Ijumaa inakwendaje. Glenys kazaliwa hapa, kakulia hapa. Alielewa.

Tatizo ni masikio.

Alizaliwa Oldham, mtoto pekee wa Wilf Ollerenshaw, fundi wa mabasi. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, wakabaki wawili katika nyumba ya matofali yenye vyumba viwili juu na viwili chini. Kila Jumamosi jioni baba aliwasha televisheni, akaketi kwenye kiti chake, na binti akaketi chini kwenye zulia, mgongo umeegemea magoti ya mzee.

"Mimi nilikuwa nacheka mpaka natokwa na machozi," anasema. "Na hapohapo nimetega sikio nyuma, nisikie kama baba naye anacheka. Kimya. Kipindi kikiisha nageuka, namkuta kakunja mikono kama mtu anayesubiri basi lililochelewa. Nikimuuliza kilikuwaje, anasema, 'Si mbaya.' Basi."

Wengine huingia kazi hii kwa kutaka umaarufu. Yeye anakiri, bila haya, kwamba aliingia kwa sababu ya kiti kile.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwa pauni hamsini na nane kwa wiki. Kazi yake ilikuwa kuketi kando ya mwongozaji, saa mkononi, akihesabu sekunde. Waongozaji wote walikuwa wanaume, na mmoja wao alimwambia kwa upole kabisa kwamba mwanamke hana sikio la vichekesho. Glenys hakubishana. Alihesabu sekunde zake, na kila kicheko kilipopita alikiandika pembeni mwa karatasi: kilianzia wapi, kilidumu muda gani, kilikufaje. Miaka tisa alifanya hivyo. Siku mwongozaji mmoja alipoangushwa na mafua dakika za mwisho, hapakuwa na mtu mwingine studioni aliyekijua kile kipindi kuliko binti wa saa. Akakalia kiti, na hakuinuka tena.

Aliinuka mara moja tu, niseme ukweli. Mwaka 2003 wakubwa wa televisheni waliamua kwamba vichekesho vya watazamaji vimepitwa na wakati. Miezi kumi na minne hakupata hata kipindi kimoja. Aliuza mapazia sokoni Ashton, na anasema mpaka leo akiingia nyumba ya mtu, kwanza anaangalia pindo.

Basi kwa mtu wa namna hiyo, sikio ndilo jembe lake. Kicheko kizuri, anaeleza, huwa hakiji chote mara moja. Na mimi nikimsikiliza naona uji jikoni: unaanza kutokota pembeni, taratibu, mtu wa safu ya nyuma kabisa kakohoa, mwenzake kampokea, halafu sufuria nzima inapanda. Kazi ya mwongozaji ni kungoja ule mpando wa pili. Mwigizaji anayefuata amesimama nyuma ya mlango wa jukwaa, hasikii vizuri kinachoendelea, anasubiri neno moja kutoka chumba cha kuongozea: ingia. Ukilitoa mapema, anaingia na maneno yake juu ya watu wanaoanza kucheka. Wanajinyamazia ili wamsikie, na kicheko kinakufa palepale.

Watu wa kazi hii huliita jambo hilo kukanyaga kicheko, na ni dhambi wasiyoisamehe. Kwa sababu watazamaji wakikanyagwa mara mbili, wanashika adabu. Wanaanza kuogopa kucheka.

Katika kipindi cha pili cha msimu huu Glenys alikanyaga vicheko vitatu.

Cha kwanza walisema ni bahati mbaya. Wakarudia onyesho, na watazamaji, kwa vile ni watu wastaarabu, wakacheka tena pahali palepale, kicheko cha hisani, kile cha kumchekea mwenyeji aliyerudia hadithi. Cha pili mtu mmoja alisema bosi amechoka. Cha tatu hakuna aliyesema kitu. Waliongeza chai. Imogen akashauri kwamba mapengo yatajazwa baadaye kwa vicheko vya akiba, vile vilivyorekodiwa miaka iliyopita kutoka kwa watu wengine waliokuwa wakicheka mambo mengine.

Glenys hajawahi kutumia kicheko cha akiba maisha yake yote. Aliondoka studioni siku hiyo bila kuvaa koti, mvuani.

Aliyesema ukweli ni fundi sauti, Nazir Aslam, mtu wa Bolton, mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi, ambaye amefanya kazi naye miaka ishirini na mbili. Naz alikuwa ameona kitu. Jioni ile bosi alimwomba mara tatu aongeze sauti ya spika inayoleta kelele za watazamaji, na mara ya tatu wenzake wote chumbani walikuwa wameziba masikio. Jumatatu akamfuata kwenye birika la chai.

"Bosi, wale wa nyuma huwasikii, sivyo?"

"Nawasikia vizuri tu."

"Haya. Mimi nimesimama hapa nakuita tangu umeweka sukari."

Glenys anasema alitaka kukasirika, akakuta hana pa kuanzia. Miaka mitatu alikuwa akijua. Simu alikuwa akiweka sikio la kulia, televisheni ya nyumbani kaijaza maandishi, na hospitali alikuwa haendi. Kwetu tungesema sikio la kufa halisikii dawa, na nilipomfasiria akaniomba nimwandikie kwenye karatasi.

Hospitali walimwambia sauti nyembamba zimekwenda na hazirudi. Walimpa vifaa vya kuvaa masikioni, vizuri sana kwa mazungumzo ya mezani. Lakini katika chumba cha kuongozea, watu wanane wanasema kwa pamoja na spika zinanguruma, na vifaa vile vilimletea vyote kama soko siku ya sikukuu. Kicheko cha safu ya nyuma kilizama humo humo.

Hapo ndipo alipopata wazo lililowafanya wenzake watazamane. Aliomba kamera ya sita, ambayo kazi yake ilikuwa kupiga picha ya mlango wa kantini, igeuzwe. Iwape mgongo waigizaji, iwatazame watazamaji. Na picha yake isimfikie mtu yeyote nyumbani, iwekwe kwenye skrini moja tu, ile iliyo mbele yake.

"Kama siwezi kuwasikia wakianza, basi niwaone," alisema.

Imogen alikuwa na wasiwasi, na haki alikuwa nayo. Yeye ndiye atakayejibu kwa wakubwa. Kipindi cha tatu kiliongozwa na mtu wa kuazima. Cha nne, walikubaliana, Glenys atajaribu.

Saa moja kamili jioni, milango inafunguliwa. Miongoni mwa wanaoingia kuna basi zima la wastaafu kutoka Oldham, na kati yao Wilf Ollerenshaw mwenyewe, miaka tisini na mitatu, kofia mkononi. Mzee huyu hajakosa kipindi cha binti yake tangu 1988. Huketi safu ya nne, mikono imekunjwa, na baadaye, binti akimsindikiza hadi kwenye basi, humpa neno lake lilelile. Katika miaka hiyo yote Glenys amewachekesha watu wasiohesabika. Mmoja tu hajawahi kumsikia akicheka.

Taa za studio zinawaka. Glenys anainua mkono.

Onyesho la kwanza linapita salama, halina mtego. Mtego uko kwenye la pili: dada mkubwa anagundua kwamba birika analolitetea tangu asubuhi ndilo mdogo wake analofugia samaki. Anatamka neno lake. Naz anasema watu wa mbele walicheka mara moja. Kidole cha Glenys kimesimama hewani. Macho hayako kwa waigizaji kabisa, yako kwenye skrini ile moja, kwenye safu za nyuma, ambako mwanamke mwenye skafu ameanza kuinama mbele na mume wake kamshika mkono.

"Bado," anasema. "Bado. Wanakuja."

Mabega yanaanza, safu kwa safu. Imogen, aliyesimama nyuma ya kiti, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Sufuria inapanda, inajaa, inaanza tu kushuka.

"Mwingize."

Mlango unafunguka, mwigizaji anaingia, na kicheko kinampokea badala ya kufa miguuni pake. Naz alipiga meza kidogo kwa kiganja.

Vicheko vinne vikubwa vilifuata, vyote vikapata nafasi yao. Ni kwenye cha tano ndipo Glenys aliponyamaza. Chumba kizima kilisubiri neno, na neno halikuja. Sekunde moja. Mbili. Nyuma ya mlango mwigizaji alikuwa anangoja. Imogen akasogea mbele.

"Bosi," Naz alisema. "Bosi, mlango."

"Mwingize," akasema Glenys, na vidole vikalia tena, na hakuna mtazamaji aliyejua kwamba palikuwa na kitu. Wenzake walidhani ni masikio. Walimwona akifuta macho kwa mkono wa sweta, wakadhani ni hofu imemtoka.

Nilimfuata nyumbani kwake Jumanne iliyofuata, baada ya Imogen kumpigia simu kumwambia kwamba kipindi cha tano na cha sita ni vyake, na kamera ya sita ibaki ilivyo. Aliweka mkate na jibini mezani. Hapo ndipo aliponiambia alichokiona.

Kwenye skrini yake, safu ya nne, mzee alikuwa amekunja mikono kama kawaida. Uso wake ulikuwa mkavu, mdomo umefungwa kabisa. Lakini mabega yalikuwa yakiruka. Yaliruka yasiweze kusimama, mpaka mzee akakunjua mkono mmoja, akachukua kofia, akajifuta nayo machozi, kisha akaukunja tena mkono haraka, kabla jirani hajaona.

"Anacheka bila sauti," Glenys alisema. "Unaelewa? Hana sauti ya kicheko. Miaka sitini mimi natega sikio." Alisukuma sahani pembeni. "Labda hata kwenye zulia pale alikuwa anacheka. Mimi nimempa mgongo."

Nilimuuliza mzee alisema nini walipofika kwenye basi. Alisema, "Si mbaya." Akaongeza kwamba kantini ya karakana yao, enzi za ufundi wake, haikuwa na birika la namna hiyo.

Uamuzi kuhusu msimu mwingine utatoka majira ya kuchipua. Glenys anataka miwili zaidi, na ameshaandika barua kuomba kamera ya sita iwekwe kwenye mkataba, ikitazama nyuma, popote atakapoongoza. Ameanza kumfundisha msichana mmoja wa saa, na amemwambia asiandike vicheko kwa sikio peke yake. Na Ijumaa hii, kwa kipindi cha tano, ameomba safu ya nne iwashiwe taa kidogo.

Nilimuuliza kama amemwambia baba yake.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama atavunja sahani zake mwenyewe. "Thubutu. Akijua namwona, ataacha."

Nikamkumbusha kwamba haya yote nitayaandika gazetini.

"Gazeti lako ni la Kiswahili," alisema, akinimiminia chai. "Unafikiri kwa nini nimekwambia wewe?"