Darasa la Ubalozini

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wahenga hawakuwahi kutafuta chumba cha kupanga huku kwetu. Huku mtoto hakui ulivyomlea. Hukua ulikopanga.

Siku moja mdogo wangu alitoka nyumbani asubuhi akiwa mwanafunzi wa shule ya kwanza. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa mwanafunzi wa shule ya mwisho.

Hakupigana. Hakuiba. Hakushika mimba. Alikuwa amesimama tu mstarini na wenzake, akasikia jina lake.

Sogea nikusimulie, maana mimi mwenyewe nilikuwamo mpaka shingoni.

Kwetu kuna mitaa mitatu iliyobanana kama vidole vya mkono mmoja: mtaa wa juu, mtaa wa kiwandani na mtaa wa chini. Kila mtaa una sekondari yake ya serikali. Ukisimama kwenye lango la shule moja unasikia kengele ya nyingine. Vitabu vyao vinashushwa na lori lilelile. Lakini matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, utadhani mitaa hii iko mabara tofauti.

Juu wa kwanza. Kiwandani wa pili. Chini wa mwisho.

Kila mwaka, bila aibu.

Tuna kundi letu la mtandaoni la mitaa yote mitatu. Wiki ya matokeo, kundi linawaka moto. Watu wa juu wanatamba, watu wa chini wanajibu kwa utani, kwa sababu aliyeshindwa hana silaha nyingine ila mdomo. Mwaka mmoja jamaa wa juu aliandika kwamba shule ya chini hata paka wake hajui idadi ya watoto wake. Watu walicheka wiki nzima. Na wa chini walicheka pia. Ungefanyaje?

Aliyekuwa akichora lile jedwali la kulinganisha shule, lenye rangi na mishale, ni mimi.

Nina stashahada ya uandishi wa habari. Magazeti hayakunihitaji. Aliyenihitaji ni bosi mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi kwenye kona ya barabara kuu, tuliyemwita Wino kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata. Nilimtengenezea kadi, fulana, mabango. Shule zote tatu zilikuwa wateja wetu. Wakati wa matokeo nilichora jedwali, nikaliweka kundini na jina la duka chini yake. Tangazo la bure.

Mama yangu ni fundi cherehani. Baba alishatangulia mbele ya haki.

Mdogo wangu alipofika umri wa sekondari, mama alifanya jambo ambalo wanawake wa mtaa wa chini bado wanalizungumza. Aliacha vyumba viwili na uwanja wa kuanikia nguo, akahamishia maisha yetu kwenye chumba kimoja nyuma ya gereji, mtaa wa juu. Shule ya juu inachukua watoto wa juu, basi. Ukitaka mtoto, hama.

Wateja wake wengi hawakumfuata. Nani atavuka barabara kuu kwa ajili ya kupunguza suruali?

Cherehani tuliiweka katikati ya vitanda viwili. Jioni mama alikilaza kichwa cha mashine ndani ya meza, mdogo wangu akapata pa kuandikia. Mimi nililala miguu ikigusa kanyagio. Harufu ya oili ya magari iliingia hata kwenye chai.

Hakuna aliyelalamika. Mama aliwaambia hata wasiomuuliza kwamba mwanawe yuko shule ya kwanza.

Sasa rudi pale mstarini.

Ilikuwa baada ya mtihani wa majaribio. Mkuu wa shule ya juu, mwanamke ambaye mitaa yote inamwita Mama Nidhamu, alisimama mbele ya kidato cha mwisho akasoma majina. Waliotajwa waliambiwa wabebe mabegi, wavuke barabara, wakaripoti shule ya chini. Mtihani wa taifa wataufanyia huko.

Mdogo wangu hakwenda nyumbani. Alikuja dukani, akasimama kando ya mashine ya kopi.

"Dada, nimehamishwa."

"Kwa kosa gani?"

"Wastani."

Alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa wake kwa daktari mgeni.

Mama alipoambiwa, aligeukia ukutani. Alisema kichwa kinamuuma. Kesho yake hakutoka kitandani, kwa hiyo mdogo wangu nikampeleka mimi.

Mwalimu wa zamu wa shule ya chini, kijana aliyejaa chaki hadi kwenye nyusi, alituonyesha tupite nyuma ya maabara. Kulikuwa na darasa moja peke yake huko, mlango umeegeshwa kwa tofali. Nikachungulia.

Nilidhani nimekosea shule.

Watoto wote mle ndani walivaa sweta za kijani. Sweta za shule ya juu. Darasa zima, ndani ya shule ya chini.

Binti mmoja mwenyeji aliyekuwa akifagia kibaraza akaniona nimeganda.

"Usishtuke, dada," akasema. "Hapo ni ubalozini. Wageni wote wanashukia hapo."

Wenzake wakacheka. Mdogo wangu akavua sweta yake, akaikunja, akaiingiza kwenye begi. Kulikuwa na baridi.

Nikamrudia mwalimu wa zamu. Alishangaa kwamba sikujua. Alisema wageni huja kila mwaka baada ya majaribio. Wanasajiliwa kwa namba ya shule ya chini, na wakifeli, wamefeli wa chini. Kule juu wanabaki wanaojiweza, na wakifaulu, wamefaulu wa juu.

Nikamuuliza kwa nini wanakubali kufanywa jalala.

"Wanafunzi wakipungua, tunapunguziwa walimu," akasema. "Hao wanatuongezea idadi. Mkono mtupu haulambwi, dada yangu."

"Na kiwandani nao?"

"Wanajifunza taratibu. Umeona wale wa sweta za bluu wanaoingia langoni? Wameanza mwaka huu."

Nilirudi dukani nikiwa nachemka. Mkononi nilikuwa na kazi ya mtu, kadi za harusi, nikaziweka kando.

Matokeo ya mwaka uliotangulia yalikuwa wazi mtandaoni, jina kwa jina. Nilichokosa ni kujua nani alikuwa mgeni na nani mwenyeji. Hilo mdogo wangu na wenzake walinitajia bila hata kufikiri, maana watoto hawasahau nani alitolewa mstarini. Nikamrudisha kila mtoto kwenye shule iliyomfundisha. Kisha nikapiga wastani upya.

Nitasema ukweli, nilikuwa nimeshaandaa na vijembe. Nilitegemea kuiona shule ya juu ikiporomoka na ya chini ikipaa. Nilikuwa na sentensi tamu ya kumchamba yule jamaa wa paka.

Nikapiga hesabu. Nikapiga tena. Nikamwita Wino naye apige.

Shule zote tatu zilikuwa zimelala usawa mmoja. Na usawa huo ulikuwa chini kabisa. Juu, kiwandani, chini, kote zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamefeli hisabati, na sayansi ilikuwa vilevile.

Hapakuwa na shule ya kwanza. Palikuwa na shule tatu za mwisho, ila moja ilikuwa na ufagio.

Vijembe vyote vikanikauka mdomoni.

"Futa," Wino akaniambia.

"Kwa sababu ya uongo?"

"Kwa sababu ni kweli. Uongo ningekuchapishia mimi mwenyewe, kwa rangi."

Akanieleza taratibu, kama mtu mzima anavyomweleza mtoto kuhusu moto. Shule zote tatu ni wateja wake. Kisha ana vyumba vyake vya kupangisha mtaa wa juu, na wapangaji hawaji kwa ajili ya upepo. Nikamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote.

Nikaweka jedwali kundini. Bila rangi, bila mishale, bila utani.

Watu wakalifungua, mmoja mmoja. Halafu kikanuka.

Watu wa juu walinivaa, na hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Nina wivu. Nina njaa. Nimetoka shimoni nataka kila mtu arudi shimoni. Mwenye nyumba wetu alipita mlangoni, akalikagua paa, akamwambia mama kwamba anafikiria kufanya ukarabati na huenda akahitaji chumba chake.

Nisichojiandaa nacho ni mtaa wa chini.

Nilidhani watanibeba juujuu. Wakawa wakali kuliko wa juu. Mwanamke mmoja muuza mitumba, ambaye alikuwa akijinyima ahamie juu kwa ajili ya mwanawe, aliniandikia pembeni, bila tusi hata moja.

"Ulitaka tujue ili iweje? Nilikuwa na pa kukimbilia. Umepaondoa. Sasa badala yake umenipa nini?"

Nilikaa na simu mkononi. Nikaandika, nikafuta. 

Siku chache baadaye Mama Nidhamu akatuita.

Ofisi yake ina kabati la vioo lililojaa vikombe. Alitukaribisha viti, akammiminia mama chai kutoka kwenye chupa, akaniita binti yangu. Mdogo wangu alibaki amesimama mlangoni, begi mgongoni, kama mtu asiyejua kama amealikwa.

Mama Nidhamu hakufoka hata kidogo. Alisema usajili wa mtihani haujafungwa, na jina moja linaweza kurudishwa. Sharti lake lilikuwa dogo. Niandike kundini kwamba nilikosea hesabu, na niombe radhi.

Nikamuuliza nani alimpa ruhusa ya kufagia watoto wa watu.

Akaweka chupa chini. Alikuwa amechoka, nami sikulitegemea hilo usoni mwake.

"Wazazi, binti yangu. Kikao cha wazazi kilipitisha, watoto wanaovuta wastani chini wahamishwe kabla ya usajili. Sikupitisha peke yangu. Muulize mama yako. Alikaa mstari wa mbele, na mkono alinyoosha."

Nikamgeukia mama.

Mama alikuwa anaangalia chai.

"Walisema watoto wavivu," akasema. "Sikujua wanamsema wangu."

 Nje, mtu alikuwa akipiga filimbi ya mazoezi.

Kisha mama akanishika mkono. Alikuwa hajanishika mkono tangu nikiwa mdogo. "Andika, mwanangu. Ni maneno tu. Si wewe ndiye mwenye maneno humu nyumbani? Yatoe kidogo kwa ajili ya mdogo wako."

Nikamwangalia mdogo wangu.

"Mwalimu wa hisabati mlishampata hapa?"

"Bado," akasema. "Tangu aliyekuwepo astaafu."

"Sasa unarudi kufanya nini?"

 Alikuwa akichezea mkanda wa begi.

"Dada, nikifelia hapa, watasema mtihani ulikuwa mgumu. Nikifelia kule, watasema ni mimi. Acha nifelie hapa."

Mama Nidhamu akakohoa, akaangalia vikombe vyake.

Nilitoa simu. Naapa niliitoa. Niliandika "Ndugu wazazi" na kidole kikakaa hapohapo.

Nikaona darasa lile la nyuma, na sweta zote zile, na watoto waliobaki humo ambao dada zao hawana jedwali la kuuza. Nikaona mwakani majina mengine yakisomwa mstarini, na mama mwingine akinyoosha mkono mstari wa mbele. Hesabu haikuwa imekosewa. Kitu pekee kisichokosewa katika mitaa yote mitatu kilikuwa ni ile hesabu.

"Siandiki," nikasema.

Mama aliuachia mkono wangu.

Mdogo wangu alifanya mtihani ubalozini, akafeli. Rafiki yake waliyekuwa wakikaa naye dawati moja, aliyebaki shule ya juu kwa alama kidogo tu zaidi yake, alifeli vilevile. Kwao walisema mtihani ulikuwa mgumu, wakamtafutia chuo. Mdogo wangu alihamia kwa mama mdogo. Simu zangu hapokei.

Wino hakunifukuza. Aliniambia nipumzike kidogo, na tangu hapo napumzika.

Matokeo ya mwaka uliofuata yalipotoka, kulikuwa na jedwali jipya kundini, limechorwa na kijana mwingine. Rangi zake nzuri kuliko zangu. Juu wa kwanza. Kiwandani wa pili. Chini wa mwisho. Watu wakapongezana.

Yule muuza mitumba alihamia mtaa wa juu wiki hiyohiyo. Nilimkuta akishusha godoro. Alinitambua, akaangalia pembeni, akaendelea kushusha.

Ukitaka funzo, chukua hili. Ukionyeshwa shule ya kwanza, usihesabu waliofaulu, uliza wasiokuwepo wamepelekwa wapi. Na ukishajibiwa, usitarajie shukrani. Watu watakusamehe uongo wowote, lakini hawatakusamehe kwa kuwavunjia ngazi, hata ukiwaonyesha kwamba juu hakuna dari wala sakafu.

Mama ananiuliza kila Jumapili kama nimeshaandika. Anasema labda mdogo wangu atarudi nyumbani nikiandika. Huenda ni kweli. Nimemkosa sana, na nikipewa nafasi nitapiga magoti mlangoni kwa mama mdogo nimsihi arudi.

Lakini kuomba radhi, siombi.