Kiti cha Mikono cha Baba

Nakumbuka asubuhi moja kule Kanduyi, mwanangu, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mahindi na mabati yakidondosha umande. Mpaka leo nikinusa mbao ya saiprasi iliyokatwa karibuni, asubuhi ile hunirudia yenyewe, kama ndoto ambayo sikuomba kuiota.

Nilikuwa kijana, nimeolewa juzijuzi. Baba yangu, mkulima wa Saboti, alishikwa na kiharusi katikati ya msimu wa kupalilia. Alilazwa hospitali ya Lugulu, na alipotolewa nikamchukua nyumbani kwangu, kwa kuwa mama alikuwa ameshatutoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, mguu ukiburuta, ulimi mzito. Yule mtu aliyekuwa akiita ng'ombe wakamsikia ng'ambo ya mto, sasa alikaa kwenye godoro uani, akitazama mlima bila neno.

Nilimlisha uji kwa kijiko. Nilimvisha shati. Akiinua mkono mzima kutaka kikombe, mimi nilikuwa nimeshakifikisha mdomoni. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, nami nililishika neno hilo nikalivuta mpaka likakatika. Maana baba alianza kufunga mdomo. Kijiko kikija, anageuza uso. Nikaogopa kwamba anatuaga.

Nikaamua kumtengenezea kiti cha mikono, apate kuegemea vizuri na kutazama watu wakipita barabarani. Mume wangu alikuwa kazini Kitale, ila vifaa vyake vilikuwa kibandani nyuma ya nyumba: msumeno, randa, na drili ya umeme aliyokuwa amenifundisha kuitumia. Nikavuta waya kupitia dirishani. Nikapima, nikakata, nikapiga randa. Maranda yakajikunja na kuanguka miguuni pangu, mepesi, rangi ya asali. Nilifanya kazi kama mtu aliye ndani ya wimbo. Baba alikuwa nyuma yangu pale uani, na wala sikuwa nimemwuliza kama anataka kiti.

Nilipofika kwenye kutoboa, sikuubana ubao kwenye meza ya kazi. Drili ilipouma, ubao ukazunguka wote, ukanipiga kifundo cha mkono, na drili ikaniponyoka. Nikachomoa waya, nikakaa chini kwenye maranda nikalia, na machozi yale hayakuwa ya maumivu tu.

Ndipo nikasikia mguu ukiburutwa. Baba alikuwa ameinuka mwenyewe. Akaja akishika ukuta mpaka kwenye meza ya kazi, akaweka mkono wa kushoto juu ya ubao, akaulalia kwa kifua. Akasema, neno moja moja, kama maji ya mwisho yanayotoka mtungini:

"Mama, mbona unanifanyia kila kitu kama mtu ameshazikwa? Si niko hapa."

Aliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mamake. Nilimwomba msamaha, akatikisa kichwa tu, akanionyesha kwa kidevu mahali pa kuubana ubao kwa jiliwa, kile chuma cha kubania kilichofungwa mezani. Nikaubana. Nikatoboa, na safari hii ubao ukatulia kama mtoto aliyeshiba.

Kisha akaniomba msasa. Ukungu ukaisha, jua likapita, mvua ya alasiri ikaanza kupiga mabati, na baba bado alikuwa akisugua mkono wa kiti, polepole, mbele na nyuma, macho yakiwa mbali. Huenda yalikuwa Saboti, huenda yalikuwa ujanani mwake. Unga wa mbao ulimkaa kwenye nyusi. Nilipoleta uji akaukataa, ila safari hii alisema anataka ugali na mboga. Akala kwa mkono wa kushoto, nusu ikimwagika kifuani, nami nikaikalia mikono yangu nisimsaidie. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya siku ile.

Kiti chenyewe kilitoka kimeinama kidogo upande mmoja. Baba alikikalia miaka mingi, kwanza kwangu, baadaye kwake Saboti, alikorudi kuamrisha watu shambani kwa sauti iliyobaki nusu. Nusu hiyo iliwatosha.

Basi, mwanangu, itafika siku utamtunza mtu uliyemwona na nguvu zake. Mpende, lakini usimnyang'anye kazi. Mwulize analotaka, na jibu likichelewa, lingoje. Mwachie achambue hata maharagwe, hata kama wewe ungeyamaliza kabla hajakaa sawa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kidole kilicholegea nacho ni kidole. Kuna wema wenye haraka ambao humzika mtu angali anapumua, jihadhari nao.

Mungu akupe mikono yenye nguvu, na subira ya kuizuia. Wazee wako wazeeke mbele yako wakiwa watu, wasiwe mizigo. Na zamu yako ikifika, upate mtu wa kukaa kando yako, akungoje umalize mwenyewe.