Muga kwa Baba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la santuri karibu na Majengo, Meru, meneja alinionyesha chumba cha nyuma kilichotundikwa mablanketi ukutani ili kelele za wachinjaji wa bucha jirani zisiingie. "Hapa ndipo tunarekodi demo," akasema. Demo ni kanda ya mfano: mwimbaji anaimba nyimbo mbili, nasi tunazipeleka kwa kampuni Nairobi, ambako prodyuza huamua kama zitatolewa kwa santuri. Nilijivunia kazi hiyo kupita kiasi.

Shida yetu ilikuwa salamu. Mwimbaji wa kwetu hakuanza wimbo hivi hivi. Gitaa lilipigwa polepole huku akisalimia kwa Kimeru: muga kwa baba, muga kwa wakwe, kwa chifu, kwa mwalimu, hata kwa mwenye posho mill ya kusaga mahindi.

"Hii ni wimbo ama ni baraza ya chifu?" prodyuza aliniuliza huko Nairobi mbele ya makarani, akazima kanda ya Kirimi, fundi wa baiskeli kutoka Ruiri. "Niletee kiitikio kwanza!" Makarani walicheka. Niliwaonea watu wangu aibu, nikainama kufunga mkoba ambao ulikuwa umefungwa tayari.

Nilimweleza Kirimi.

"Sasa babangu nimruke aje, dada? Ameambia soko mzima atasalimiwa kwa santuri."

"Ukikataa, hakuna santuri."

Akasema bila kuniangalia, "Basi kata."

Nilikata tepu kwa wembe, nikaunga ncha kwa gundi. Kampuni ikaikubali. Meneja alinisifu, na tangu hapo kila demo iliyopita mikononi mwangu ilianza na kiitikio.

Kirimi alinialika Ruiri siku ya kuisikiliza santuri yake. Baba yake, Mzee M'Rukunga, alikuwa amevaa koti la kanisani na kuketi karibu kabisa na gramafoni. Sindano ilipoteremshwa alivua kofia, tayari kuitikia salamu. Kiitikio kikalipuka. Mzee akangoja mpaka wimbo ukaisha.

"Geuzeni ile upande ingine," akasema kwa upole. "Pengine nimesalimiwa huko."

Waliigeuza. Huko pia nilikuwa nimekata. Mzee akavaa kofia yake, akawapongeza wote, mimi nikiwemo. Nilitamani ardhi inimeze.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Embu, nikapanda hadi umeneja, nikastaafu kwa hotuba na keki. Siku hizi vijana waimbaji hunitembelea nyumbani Manyatta. "Shosho, tufanye aje hao wasee wa lebo watuskie?" Nawaambia waanze na kiitikio, kwa sababu wakubwa wa kampuni hawana subira. Ushauri huo ni wa kweli, na kila ninapoutoa naona haya.

Wiki jana msichana mmoja alinichezea demo yake kwenye simu. Ilianza na kiitikio, safi kabisa, kama nilivyomfundisha. Niliisikiliza hadi mwisho, nikingoja kusikia kama nimesalimiwa.