Jina Chini ya Picha

Picha za Martine huning'inia kwenye kamba sokoni Bunia, zimebanwa na vibanio vya nguo kama fulana zilizofuliwa. Yesu wa picha hizo ana mashavu ya mtu asiyewahi kulala njaa, na Mama Maria amevaa bluu ambayo vumbi la mji huu lingeimaliza asubuhi moja. Lakini wateja hawaji kukagua mashavu. Wanakuja kwa sababu nyumba isiyo na picha haina pahali pa kupigia magoti.

Alphonsine alisimama mbele ya kamba ile muda mrefu, mpaka Martine akamsogezea kiti. Macho yake yalikuwa yakienda na kurudi kati ya picha mbili. Moja ilikuwa Moyo Mtakatifu, yenye mistari ya kuandika majina chini yake. Nyingine ilikuwa Mama wa Mateso, aliyempakata mwanawe aliyekufa.

Kwa Wakatoliki wa upande wake, kule Djugu alikotoka akikimbia vita, chini ya Moyo Mtakatifu huandikwa walio hai wa nyumba hiyo. Siku ya kuibariki, mkuu wa shirika, yaani majirani wanaosali pamoja, husoma majina na kila mmoja huitika mwenyewe. Marehemu huandikwa nyuma ya Mama wa Mateso. Hubert, mumewe, aliandikwa huko zamani. Alikufa kitandani, akazikwa kwa misa, watu wakala wakaenda zao. Kifo cha namna hiyo siku hizi ni anasa, nasema wazi. Picha zote mbili ziliungua pamoja na nyumba.

Shida ilikuwa Nathanaël, mwanawe. Unga ulipokwisha katika kambi ya wakimbizi, kijana alibeba jembe na gunia akarudi shambani kwao kung'oa muhogo. Wenzake aliofuatana nao walisema walisikia risasi, wakatawanyika. Hakuna aliyemwona akianguka, na hakuna aliyemwona akikimbia.

Chumba alichopanga Alphonsine mjini kilikuwa na nafasi ya picha moja, na mfuko wake vilevile. Akichukua Moyo Mtakatifu, mtoto yu hai. Akichukua Mama wa Mateso, amemzika mwenyewe, tena bila jeneza.

"Mama, unatafuta picha ya nani?" Martine aliuliza.

"Ya mutoto."

"Mutoto iko wapi?"

"Alienda shamba. Hayarudia bado."

"Tangu lini?"

"Hii ni mwaka wa mbili."

Martine akainamisha kichwa. Wanawake wenye watoto waliokwenda shamba aliwajua wengi.

"Mama, miye nauzisha picha tu," alisema polepole. "Hiyo siwezi kukuchagulia."

Alphonsine akachukua Moyo Mtakatifu. Aliibana kwapani, akatembea haraka kama mtu anayeogopa kuitwa arudi.

Nyumbani, binti yake Gracieuse, mwenye mwandiko mzuri, aliandika jina la mama, kisha lake. Kalamu ikasimama kwenye mstari wa tatu.

"Mama, na siku ya kuitika tutafanya nini?"

"Andika."

"Mama…"

"Nimesema andika."

Ijumaa shirika likaja, watu saba, wakakaa mkekani. Alphonsine alikuwa mgeni mtaani, mwezi haujaisha tangu atoke kambini, na habari zake hakuna aliyezijua. Papa Isidore, mkuu wa shirika, aliwasha mshumaa, akavaa miwani, akaanza kusoma.

"Alphonsine."

"Niko."

"Gracieuse."

"Niko."

"Nathanaël."

Papa Isidore akainua macho, akatafuta sura ya kijana kati ya waliokaa, akasoma tena kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akatabasamu, kama tunavyotabasamu sote vijana wanapokwepa sala.

"Atakuwa inje," alisema. "Charlotte, umwite."

Jirani aliyekaa karibu na mlango akainuka kwa adabu zake zote, akatoa kichwa nje.

"Nathanaël!" aliita. "Weye Nathanaël, wanakungojea!"

Ilikuwa miaka miwili tangu mtu aliite jina lile kwa sauti. Gracieuse alijifunika uso kwa kitenge. Alphonsine, Mungu amsamehe, alijikuta ametega sikio. Alisikiliza kwa mwili mzima. Uchochoroni mtu alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na zaidi ya hapo hapakuwa na kitu.

Charlotte akavuta pumzi aite mara ya pili.

"Acha, mama," Alphonsine alisema. "Haiko."

"Iko wapi?" Papa Isidore aliuliza, kidole chake bado kwenye mstari wa tatu.

Alphonsine aliutazama mwandiko mzuri wa binti yake, na wino uliokwisha kukauka.

"Nilikosea picha, papa," alisema.