Chumvi ya Chini ya Pipa

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya alizeti yaliyochacha, natema mate. Chanzo ni pipa la kaka yangu.

Daktari wa mjini Dodoma alishatuambia: figo za mama zimechoka, asiguse chumvi, na maji ya kisima chetu kule Bahi ayaache kabisa. Maji yale yana chumvi, ukiyanywa ni kama umelamba mbuzi. Mimi nikataka niwe nampelekea madumu ya maji ya mjini kwa bodaboda. Kaka akakataa katakata. Huyu ujana wake wote aliumalizia kwenye meli ya mvuke, chini kabisa kwenye mitambo, na tangu astaafu akarudi kukaa na mama, hakuna msiba wala harusi ambayo hajaiingizia meli yake. Akasema mama atakunywa maji kama ya melini.

Lo, tukasomeshwa! Boila ya meli, lile tangi linalochemsha maji yatoe mvuke wa kusukuma mitambo, hailishwi maji ya bahari, akasema, maana chumvi huganda kwenye mabomba mpaka yakaungua. Kwa hiyo maji ya bahari huchemshwa pembeni, mvuke wake ukakingwa na kupozwa, ukawa maji safi, ndiyo hayo inayopewa boila. Na mvuke uliokwisha kusukuma mtambo haupotezwi. Unapozwa, unakuwa maji, unarudi kazini. Kule kwenye kuchemshia kinabaki kitu kizito cha chumvi, nacho humwagwa baharini kabla hakijaganda.

Akatafuta pipa lililokuwa la mafuta ya alizeti, akalisugua kwa majivu, akalipandisha kwenye mafiga, akalijaza maji ya kisima, akaziba mfuniko kwa udongo, akapitisha bomba ndani ya karai la maji. Matone yakaanza kudondokea kwenye dumu. Mimi ndiye niliyeonjeshwa kwanza. Nikatema palepale mbele yake. Mafuta yaliyochacha, kutu, na nyuma yake ladha ya kitu kilichokufa. Kaka akasema hata melini ya kwanza humwagwa. Ya siku zilizofuata yalionekana safi, nakubali, ingawa kwa muda mrefu mimi sikuyatia tena mdomoni.

Kilichonichefua hasa kilikuwa koki ya chini ya pipa. Kila jioni akiifungua, unatoka uji wa kijivu, unateleza, una utando juu na nzi ndani, unajivuta mpaka kwenye shimo nyuma ya jiko. Nikiwepo nilikuwa nageuza uso.

Mama aliyanywa maji yake bila ubishi. Lakini miguu ikaendelea kuvimba. Kila Jumamosi nikija kutoka mjini naikuta imejaa zaidi, nami nikamgeukia kaka: pipa lako linapitisha chumvi. Akaapa halipitishi. Tukanuniana wiki nzima, watu wazima sisi.

Jumamosi iliyofuata nikaenda nyuma ya jiko kumwaga maji ya vyombo. Kando ya lile shimo, juu ya makaa yaliyozimika, palikuwa na chungu cha mama. Nilikijua. Ndicho alichopikia chumvi tangu usichana wake, maana wanawake wa kwetu kiangazi huchota udongo wa mbugani, wakauchuja kwa maji, wakachemsha mpaka maji yaishe ibaki chumvi. Ndani yake ulikuwa ule uji wa koki, umekauka, wa njanonjano, unanuka pipa, na bawa la nzi limegandia juu. Pembeni kijiko chake cha chai.

Nikakibeba kile chungu, nikampita kaka mlangoni nikamkabidhi, nikaenda kukionja kikombe cha mama. Chumvi tupu.

Sikufoka. Nikamuuliza tu, mama, kwa nini? Akanitazama kama mtu aliyeona ugali unamwagwa.

“Kaka yako anatupa chumvi,” akasema. “Chumvi nzima, mwanangu. Na maji yake hayana ladha, nikiyanywa naona kama sijanywa.”

Kaka alikuwa bado amesimama na chungu mikononi.

“Melini tulikuwa tunaimwaga tu,” akasema taratibu. “Hakuna aliyewahi kuikinga.”

“Melini mama hakuwepo,” nikamwambia.

Nikapiga magoti, nikaubonyeza mguu wa mama kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki vilevile, hakikujaa, na mama akatuuliza chungu chake tunakipeleka wapi.