Kikombe cha Ochuoga

Leo sokoni Rongo kuna mama anayeuza ochuoga kwa kikombe. Nimenusa ule utamu wenye uchachu, miguu ikakataa kusonga.

Nilipokuwa mtoto, tulikuwa tumehamia Kisegi karibuni, tunda hilo hatulijui. Mama yangu alikuwa mgonjwa, uji haupiti, hata chai anaitapika. Nikaenda kutafuta kuni, na huko kichakani mama jirani akanichumia matunda madogo meusi katikati ya miiba.

"Onja, nyathina," akasema. Huko mtoto huitwa hivyo.

Utomvu mweupe ulininata midomoni, kisha utamu ukaja. Mengine nikayafunga kwenye pindo la leso.

Mama aliyala yote. Yote! Akalamba vidole vilivyogeuka zambarau, akauliza, "Kuna mengine?"

Kesho yake sikungoja kutumwa. Nilikimbia hadi kile kichaka, kumbe ndege wamemaliza. Nikapanda kilima, kichaka hadi kichaka, miiba ikinichana mikono, nikimwomba Mungu kwa sauti kama mwendawazimu. Alasiri nikapata ya kujaza kiganja.

Nilipofika nyumbani, wanaume walikuwa wanafyeka nyasi za uwanja wetu, wengine wakishusha viti. Huko uwanja hufyekwa hivyo watu wanapotarajiwa matangani. Mimi mgeni ningejuaje? Nilifurahi kwamba nyumba yetu inapendezeshwa. Niliwapita mbio, kiganja juu, nikipiga kelele, "Mama, nimepata!"